Fundi Aliyepima Besi kwa Gorogoro

Fundi hakuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema ili msomaji asipoteze muda kutafuta mahali nitakapompaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilimjua kwa karibu miaka kumi na mitano, na siku ambazo hakumwumiza mtu zilikuwa zile ambazo duka lake lilikuwa limefungwa.

Duka lenyewe lilikuwa Kitale, kwenye veranda ya Kalasinga mmoja aliyeuza misumari, rangi na mabomba. Upana wake ulikuwa mlango na nusu. Ndani mlikuwa na redio zilizotolewa matumbo, waya za kila rangi, harufu ya risasi iliyoyeyushwa, na Fundi mwenyewe ameketi juu ya kreti ya soda akimtazama kila anayeingia kana kwamba huyo ndiye aliyeiharibu redio kwa makusudi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa barabara. Nilikuwa seremala wa majeneza.

Redio zilimlisha, lakini kilichomjengea jina ni besi. Hiki ambacho vijana wa leo wanakiita sabufa na kukinunua kikiwa ndani ya katoni, wakati ule kilitengenezwa kwa mikono. Mtu alijinyima akanunua televisheni na deki ya video, akawaita majirani waje watazame filamu ya vita sebuleni kwake, halafu akagundua kwamba bomu linalipuka kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kikombe cha plastiki. Hapo ndipo alipomkumbuka Fundi. Kuagiza chombo chenyewe kutoka Nairobi kulikuwa kwa matajiri. Fundi alikutengenezea chako kwa spika kuukuu ya inchi kumi na mbili iliyong'olewa kwenye mitambo ya kanisa au ya baa iliyofilisika, kipande cha bomba la maji taka, sponji ya godoro lililochoka, na sanduku la mbao. Sanduku ndilo lililokuwa na siri.

Spika ya besi haikubali sanduku lolote tu. Likiwa dogo inabanwa, inakohoa. Likiwa kubwa inalegea na kuvuma ovyo. Nasikia kuna watu wanaopiga hesabu za jambo hilo kwenye karatasi. Fundi alipima kwa mahindi. Kila mtu wa Kitale anaijua gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili ambao akina mama sokoni hupimia nafaka, na Fundi alikuwa na wake uliopauka hadi maandishi yakafutika. Nikishamletea sanduku alililaza chali, akamimina mahindi makavu ndani yake mkebe baada ya mkebe, kila mmoja ameukwangua juu kwa rula, huku akihesabu kwa sauti. Spika ya inchi kumi na mbili ilikula gorogoro ishirini na nne. Zikizidi, nilipigilia kipande cha ubao ndani kupunguza nafasi. Zikipungua, nilianza upya na matusi juu. Niliwahi kumwuliza nani alimfunza kupima hivyo. Alisema mahindi ndiyo yaliyomfunza, kisha akanilaumu kwa kumpotezea hesabu.

Alikuwa na desturi ya kugonga. Sanduku la mtu mwingine likipita mbele yake aliligonga ubavuni kwa konzi mara mbili, akainamisha kichwa, akatoa hukumu. Nakumbuka karani mmoja wa ghala la nafaka, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyejitengenezea lake jioni baada ya jioni akiwa na wanawe, kwa mbao za sanduku la majani ya chai. Alilileta juu ya baiskeli. Hakutaka lolote ila ushauri, lijazwe sponji kiasi gani. Fundi akaligonga, akamwuliza ana kuku wangapi. Karani alidhani anajuliwa hali, akajibu kwa heshima kwamba ni kumi na wawili.

"Basi hao watatoshea," Fundi akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Veranda nzima ilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu sanduku la karani lilikuwa baya na yangu yalikuwa mazuri. Yule bwana alilifunga tena kwenye baiskeli, akashindwa kuipanda, akaisukuma hadi nilipoacha kumwona. Baadaye nilisikia kwamba kweli kuku walilala humo.

Vitambaa navyo alivichukia. Nyumba zetu mnazijua: kuna kitambaa kilichofumwa juu ya televisheni, kingine juu ya redio, kingine kwenye kila mgongo wa kiti, na cha ziada kwa ajili ya chupa ya chai. Fundi akipeleka sanduku kwa mteja, kabla hata ya kujibu salamu, alikivuta kitambaa chochote kilichokuwa karibu na spika akakifutia mikono yenye grisi. Huko mtaani Tuwan mama mmoja aliangua kilio, maana kile kilifumwa na marehemu dada yake. Fundi alimwambia, "Mama, lia pole pole, bado nasikiliza spika."

Alikuwa na misemo yake, na mingine ilikuwa na ukweli. Alisema besi ya kweli huipati kwa masikio, inakupata wewe kupitia kiti ulichokalia. Alisema mteja anayesifu kabla ya kusikiliza atalalamika kabla ya kuelewa. Alisema mke mzuri na amplifaya nzuri hujulikana zikiwa zimepata moto, na mkewe alikuwapo akiyasikia hayo, akiwa amemletea chakula kutoka nyumbani.

Sasa, ili nisije nikaonekana nachora shetani mwenye pembe, niseme na hili. Kila Jumamosi mama mzazi wa yule Kalasinga, bibi kizee aliyetembea kwa kushika ukuta, alimletea Fundi kiredio chake kidogo kitengenezwe. Hakikuwa kibovu hata siku moja. Fundi alikifungua, akakipuliza vumbi, akakifunga, akamrudishia kwa mikono miwili na kumwambia sasa kiko sawa. Bibi alipofariki, mwanawe alikileta mwenyewe na kusema huenda kina hitilafu. Fundi alikataa hata kukigusa. Alimwambia hakijaharibika, kirudishe nyumbani. Na nyumbani kwake mwenyewe, huko Tuwan, hakukuwa na redio wala kaseti. Mkewe alisikia habari za nchi kupitia ukuta wa jirani.

Nije kwangu mimi, maana bila hivyo chuki yangu itaonekana haina mizizi. Seremala wa majeneza ana shida ambayo hakuna anayemwonea huruma: kazi yake yote hufukiwa. Nilipiga randa ubao hadi ukang'aa, na Jumamosi ukashushwa shimoni Tongaren ukamwagiwa udongo. Mke wangu aliwahi kuniuliza ni nyumba gani Kitale nzima ninayoweza kumpeleka nikamwonyesha kitu nilichokitengeneza. Sikuwa nayo hata moja, na swali lile liliniuma kuliko alivyokusudia. Nilitaka kitu kimoja tu, kazi ya mikono yangu ikae sebuleni mwa watu, wageni waiguse na kuuliza ni ya nani. Masanduku ya Fundi ndiyo yaliyonifungulia mlango. Baada ya manne au matano watu walianza kuniagiza meza. Mwalimu mmoja mwanamke akanunua kabati la vyombo. Nikaanza kuzungumza na mke wangu habari ya kuacha majeneza kabisa.

Mbao zilikuwa wazo la Fundi. Wateja walitaka besi ya bei nafuu, na mbao mpya hazikuwa nafuu. Alivuka barabara akatazama vipande vilivyosalia karakanani kwangu.

"Si uko na hizi zinabaki?" akasema. "Maiti haiwezi kuuliza zilienda wapi."

Zilikuwa mbao safi ambazo hazikuwahi kumgusa maiti. Ni ncha tu zilizokatwa. Lakini huku kwetu hoja hiyo haikuvushi popote. Ubao ulionunuliwa kwa ajili ya jeneza ni wa marehemu, hata kipande chake cha mwisho, na kipande hicho hakiingizwi ndani ya nyumba ya watu walio hai. Tulilijua hilo sote wawili na tukanyamaza sote wawili.

Ndipo akaja mkulima wa Endebess. Wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati, na yeye alikuwa amefanikiwa kwa mahindi na ng'ombe wa maziwa. Binti yake alikuwa anaposwa. Wakwe walitarajiwa Jumapili baada ya kanisa, na alitaka wakute nyumba yenye televisheni, video na besi. Wiki hiyo gorogoro ya Fundi ilikuwa imepotea. Akaazima nyingine kwa mama mmoja wa sokoni, akapima harakaharaka, akanipigilisha vipande vya ubao ndani hadi zikafika ishirini na nne, akaniambia nifunge. Kwa macho niliona nafasi iliyobaki ndani ni ndogo kidogo. Nilimwambia. Aliniuliza tangu lini majeneza yamenifanya mtaalamu wa sauti, nami nikafunga. Mbele nililivalisha mahameli ya zambarau, maana ndiyo iliyokuwapo.

Sote wawili tulialikwa Endebess siku ile ili kusiharibike kitu. Wakwe walikuwa kumi na zaidi, wameketi kwa adabu, na mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyewasha. Filamu ikaanza, ndege zikaangusha mabomu, na kutoka kwenye sanduku langu ikaja sauti ya mzee anayekohoa ndani ya pipa. Mama mmoja akafunika mdomo kwa leso. Kijana mmoja wa upande wa wakwe akacheka waziwazi. Mkulima aligeuka akamtazama Fundi.

Fundi aliinuka taratibu, akaligonga sanduku mara mbili, akainamisha kichwa. Nilimwona akiiacha konzi yake juu ya ubao. Kisha akaninyoshea kidole.

"Spika ni yangu na iko sawa. Sanduku ni ya huyu," akasema. "Muulizeni anafanyanga kazi gani. Huyu ni wa majeneza, na hiyo kitambaa ya zambarau ni ya kulazia maiti."

Bibi kizee wa upande wa wakwe aliinua miguu yake kutoka kwenye zulia. Hilo ndilo ninaloliona hadi leo, ile miguu miwili iliyoning'inia. Nilijaribu kusema kwamba mbao zilikuwa wazo lake yeye, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kuthibitisha kwamba ni kweli. Mkulima hakupiga kelele. Aliwaita vijana wawili wa shamba walitoe sanduku wakalichome nyuma ya zizi, akaniomba nipitie mlango wa jikoni. Wakwe waliondoka bila kuonja chakula. Posa haikuvunjika, ila binti yule alingoja miezi sita mingine kwa sababu yangu. Fundi alipitia mlango wa mbele.

Habari ilifika Kitale kabla yangu. Meza zote nilizoagizwa zilikataliwa. Yule mwalimu alilirudisha kabati la vyombo kwa mkokoteni, akaliacha mlangoni bila kubisha, na ndani yake bado mlikuwa na alama za duara za vikombe. Mke wangu alilitumia kuwekea kuni. Nilipomwambia yatapita alinijibu kwamba hana haraka, na hakuniuliza tena habari ya kuacha majeneza.

Baada ya siku chache nilikwenda sokoni kwa yule mama muuza mahindi nikaigeuza gorogoro yake juu chini. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa jiwe kikaingia ndani. Ni ujanja wa zamani wa sokoni: mkebe unaonekana ni uleule, kumbe unabeba pungufu. Ishirini na nne za ule ni kama ishirini za haki. Nilimwomba niuazime, nikaupeleka nikauweka mbele ya Fundi, kitako juu. Aliuinua. Aliingiza vidole kwenye ule mbonyeo, akavizungusha humo kwa muda. Veranda ilikuwa na watu, na wote walikuwa wanangoja.

"Rudisha mkebe ya watu," akaniambia.

Nyani haoni kundule, wanasema, lakini huyu aliliona, alilishika kabisa kwa vidole vyake. Nilihama mwaka huo. Nilipata kibanda Bungoma, karibu na chumba cha maiti, mahali ambapo hakuna anayemwagiza mtu meza. Nilitengeneza majeneza tu, mazuri, na yote yalifukiwa. Watoto wangu waliandika shuleni kwamba baba yao ni mfanyabiashara. Na mwenye kovu usidhani kapoa.

Ilipita miaka kumi hivi. Mwishoni mwa miaka ya tisini, mteja mmoja kutoka Tuwan alikuja kuchukua jeneza la shemeji yake, akaniambia kwamba Fundi anaomba nifike. Nilikwenda. Nisijisingizie wema, nilikwenda nione kama amezeeka vibaya.

Alikuwa amezeeka vibaya. Mkewe alikuwa amerudi kwao. Duka halikuwapo tena, maana Kalasinga aliuza jengo akaenda ng'ambo kwa wanawe. Fundi aliishi katika chumba kimoja, na aliponikaribisha alipaza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Ilikuwa saa nane mchana. Katikati ya chumba, juu ya magunia safi, palikuwa na sanduku la besi. Alilitengeneza mwenyewe, kwa mbao mpya, na kona zake zilikuwa zimeungana vizuri hata ukucha usingepenya. Nilimwuliza ni la nani. Alinitazama midomo kabla ya kujibu, akasema ni la daktari wa meno, analijia kesho. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kwa miaka miwili.

"Masikio imekwisha," akasema. "Hii ya kushoto ilienda kwanza. Usiambie mtu. Wewe sikiliza tu, uniambie iko aje."

Niliuliza kwa nini asimwite jirani. Alisema majirani wanaomwogopa watasema ni nzuri, na wanaomchukia watasema ni mbaya. Seremala angalau anajua mbao. Akaunganisha waya kwenye redio yake ya kazi, akaweka kaseti, akaweka kiganja juu ya sanduku na macho usoni pangu.

Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Haikukohoa wala kuvuma ovyo. Ilipanda kutoka sakafuni bila haraka, ikapita miguu ya kiti, ikanifikia tumboni na kutulia hapo, na kwa muda nilisahau nimejia nini. Uso wangu niliukaza. Nimezoea kuukaza, kwa maana mfiwa hatakiwi kuona kwamba unapima urefu wa marehemu kwa macho.

"Iko aje?"

"Kuna ubao unacheza ndani," nikasema.

Hakushika. Nikarudia polepole ili asome midomo. Alibonyeza kiganja chake juu ya sanduku kwa nguvu zaidi, akafumba macho, akasema yeye hasikii kitu hapo kwa mkono. Nikamwambia mikono nayo inazeeka. Sitadai kwamba nilijuta papo hapo. Nilisikia raha, raha ya mtu anayekuna upele.

Alizima. Alikaa kitandani akaitazama ile kazi yake, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka, au labda hakujua imeshuka.

"Ile ya Endebess ilikuwa sawa," akasema. "Kazi yako. Mkebe ndio ilikuwa mbaya. Nilijua hapo hapo nikigonga, kabla sijasema."

Miaka kumi nilikuwa nikiyangoja maneno hayo. Niliyataka yasemwe sebuleni, au kwenye ile veranda, mbele ya watu, mke wangu akisikia. Yalikuja katika chumba chenye watu wawili, na mmoja wao kiziwi. Nilikuwa bado na nafasi. Ningeweza kumwambia hebu washa tena, nadhani nimekosea. Yeye alikuwa ameinama anatafuta kitu chini ya kitanda, na nilikuwa na muda wa kutosha kuyasema mara tatu. Aliinuka akiwa na patasi na nyundo, akanipa mimi.

"Pasua wewe," akasema. "Seremala ni wewe."

Gundi ilikuwa imeshika barabara. Ilinibidi nipasue ubavu mzima ndipo nikafika ndani, na ubao mpya ulipopasuka ulichanika hadi upande wa mbele, mahali ambapo hapafichiki kwa rangi wala kwa kitambaa. Fundi alipiga magoti, akaingiza mkono kupitia ule mwanya, akaushika ubao wa ndani, akautikisa. Haukucheza. Akautikisa tena kwa nguvu, akautikisa na mara ya tatu, kisha akatulia mkono ukiwa bado mle ndani.

Hakunitazama. Aliutoa mkono, akaufuta kwenye suruali, akaniuliza kama ningekunywa chai kabla ya kurudi Bungoma. Nikamwambia nitakunywa.